Kondo na Viberiti vya Kaburini

Katika bonde zima la Rufiji, kuanzia kule mto unakoshuka mpaka unakojigawa vidole vidole na kuingia kwenye mikoko, hakupata kuzaliwa mtu aliyejua kuharibu msiba kama Kondo bin Sijaona. Hilo si la kubishana. Wapo watu wa Kibiti wanaodai kwamba babu zao nao walikuwa watani wakali. Waacheni wadai, kudai hakuna ushuru. Kondo aliwahi kujilaza juu ya jeneza la Mnyamwezi mmoja kule Bungu, akakoroma, akakataa kuamka mpaka aletewe kuku wa kukaanga. Alipoletewa, akamgeuza geuza na kusema huyu amekonda kuliko marehemu. Wafiwa walicheka hadi wakaona haya.

Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Wandengereko na Wanyamwezi wametaniana tangu siku za misafara ya pembe za ndovu, na utani wao ni ule wa kuzikana: akifa Mnyamwezi ugenini huku, Mndengereko ndiye anayemchimbia. Mtani hutukana na hakasirikiwi. Mtani akiingia kaburini akadai kitu, maiti haishuki mpaka apewe. Na kilichokwisha kutolewa kwa mtani hakirudishwi, hata kiwe sindano. Ninyi mliokaa madawatini mkaandikiwa mambo ubaoni, lishikeni hilo la mwisho, maana ndilo lililomtoa jasho Mjerumani.

Kondo alikuwa Mndengereko wa Mahege kwa kuzaliwa, ila mpunga wake ulikuwa bondeni, karibu na kivuko. Huko alikuwa na dungu refu la miti, na msimu wa mpunga kuiva alikaa juu yake kutwa na teo mkononi akivurumisha madongo kwa ndege. Alikuwa na mtumbwi mmoja, mke mmoja aitwaye Mwamini, mwenye ulimi uliomshinda hata yeye, na binti mmoja, Mwanahalima, aliyeolewa ng'ambo ya mto, Mbwara. Mtoto mmoja tu. Wengine watatu walikuwa wametangulia mbele ya haki wangali wachanga. Kondo alimtania kila binadamu aliyekutana naye, isipokuwa Mwanahalima.

Basi mtu huyu wa mzaha akakutwa na vita visivyo na mzaha.

Mwaka ule watu walipochoshwa na shamba la pamba la akida wa Mjerumani, alipita mjumbe na kibuyu cha dawa. Maji hayo, alisema, ukinyunyiziwa na kuyanywa, risasi ya Mzungu itakuteleza kama umande. Kondo aliyanywa. Aliyanywa kwa kuwa kila mtu aliyanywa, na kwa kuwa aliyekataa aliulizwa yuko upande gani, naye alipojiuliza hakupata jibu. Pamba aliichukia kuliko mtu yeyote. Lakini maji yale aliyaonja vizuri, akaona yana ladha ya maji.

Walikwenda vitani wanaume kama arobaini, mbele yao jirani yake Tamimu, fundi wa kuchonga mitumbwi, mtu mwenye sauti ya kuitisha mkutano. Kondo alikwenda bega kwa bega na Khamisi, kaka yake Mwamini. Bunduki zilipolia, Khamisi aligeuka kumtazama Kondo kama mtu anayetaka kuuliza neno, kisha akakaa chini, na hakuinuka tena.

Waliorudi walikusanyika kwenye baraza ya msikiti. Tamimu akaeleza kwamba maji hayana kosa, ila Khamisi alivunja mwiko, alimgusa mwanamke. Watu wakaitikia, maana waliyataka maneno hayo, yaliwapa pa kushika. Kondo akasimama. Wote wakajiandaa kucheka.

“Khamisi alilala na miye siku saba zote za mwiko,” alisema, “na miye si mwanamke. Risasi haikugeuka maji. Iliingia kama risasi. Tukienda tena, tutazikana mpaka wachimbaji waishe.”

Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo watu wa Tamimu walimwita kibaraka wa Mzungu, na watu wa akida walikuwa wamekwisha kumwandika katika wanywa maji. Msikitini akiswali safu ya mbele, walio nyuma yake walimnong'ona. Akiswali ya nyuma, walio mbele waligeuka geuka. Mwamini, aliyekuwa bado anamlilia kaka yake, alimwambia: “Wenzio wana adui mmoja, weye umejitwalia wawili. Uroho gani huu?”

Mwaka wa pili wa vita, mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, kikosi cha askari kilitua kivukoni. Wengi wao Wanyamwezi. Mkubwa wao Mzungu kijana aliyevaa vioo machoni, watu wakampa jina la Bwana Miwani, na chini yake shaushi mweusi ambaye ndiye aliyewapigia askari kelele. Akida akapita nyumba kwa nyumba akitaka mitumbwi yote iletwe, maana siku ya tatu kikosi kitavuka kwenda Mbwara. Vita sasa vilikuwa vya namna nyingine, alieleza kwa fahari, kana kwamba amevibuni yeye: watu hawatafutwi tena, hutafutwa ghala zao. Nyumba, ghala na mpunga uliosimama shambani, vyote vinachomwa. Njaa ndiyo itakayowaleta watu kuomba msamaha.

Kondo alisikia neno moja tu, Mbwara. Alishuka dunguni akasahau teo juu.

Siku ya kwanza alijipeleka kambini na samaki wawili, akijidai anauza, ili atafute wa kumwomba. Alimwomba nani? Bwana Miwani alikuwa hemani na homa. Akida alimtimua. Aliyenunua samaki alikuwa askari wa makamo aitwaye Sadala, mwenye sugu mabegani za upagazi wa zamani. Kondo alipoziona sugu zile, ulimi ukawasha wenyewe, akamwuliza ng'ombe huyu wa Unyamwezi kafunguliwa nira lini. Sadala akamjibu kwamba Wandengereko hawahitaji kuzikwa, wananuka kambare wangali hai. Wakacheka kama watu waliotafutana miaka. Kisha Kondo akamweleza habari ya Mwanahalima. Sadala akaacha kucheka, akasema askari haulizwi aende wapi, akaondoka na samaki.

Siku ya pili, asubuhi, askari mmoja jina lake Abbasi akafa. Hakufa kwa mshale wala mkuki. Alikufa kwa tumbo la kuhara, baada ya kunywa maji ya dimbwi. Sadala mwenyewe ndiye aliyekuja mpaka chini ya dungu na kuita: “Mtani, una kazi.”

Kondo alichimba na wenzake wawili, pahali pa juu pasipofikiwa na mafuriko. Abbasi alioshwa, akakafiniwa, akaswaliwa. Halafu Kondo akaanza ufundi wake. Alichukua tarbushi ya marehemu akaivaa hadi masikioni, akatembea mwendo wa Abbasi aliousikia ukisimuliwa na wenzake, mguu mmoja umekosana na mwingine, akapiga saluti kwa mti, akashika tumbo akakimbilia kichakani. Askari walikuwa wamekaa chini na nyuso kama vyungu vilivyopasuka. Kwanza akacheka mmoja, kisha wawili, kisha kicheko kikawashika wote na machozi juu yake. Kondo akarukia kaburini, akajilaza chali.

“Hashuki mtu humu,” alisema. “Pana joto zuri. Nilipeni kwanza.”

Waliuliza anataka nini. Alikuwa amepanga kudai mbuzi. Hiyo ndiyo kweli, aliikiri mwenyewe mara nyingi. Lakini pale alipolala aliona, kati ya miguu ya askari, rundo la vienge vya makuti makavu vilivyofungwa tayari kwa kuchomea nyumba kesho. Na mdomo ukasema kitu ambacho yeye hakuutuma.

“Nataka vita,” alisema. “Nipeni vita hivi, nivilalie humu, mnifukie navyo. Abbasi mtamtafutia shimo jingine. Binti yangu yuko Mbwara. Mkinipa vita, natoka.”

Watu walicheka, kisha wakaacha, kisha baadhi yao wakacheka tena kwa kutokuwa na hakika. Kondo akiwa shimoni akitazama mbingu alijiuliza kama anatania. Alijitafuta ndani, hakujiona.

Sadala alikuwa ndiye ndugu wa marehemu katika kikosi, kwa hiyo kulipa kulikuwa juu yake. Alikuja akasimama ukingoni, na alinena taratibu, bila kupaza sauti.

“Mtani ana haki yake. Abbasi aliambiwa vita vya mwezi mmoja. Huu ni wa kumi. Nimechoma nyumba mpaka moshi unanitokea kwenye uji. Nimechoma ghala la mzee aliyewahi kunipa kata ya maji nilipokuwa mpagazi, naye alikuwa ananitazama. Wala sijui kanikosea nini. Mtani, vita sina vya kukupa, si vyangu. Nina hiki.”

Akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti. Kila askari alikuwa amepewa kimoja kwa kazi ya kuchoma. Akakitupa, kikamwangukia Kondo kifuani.

Askari mwingine akainuka, akasema yeye mkewe yuko Tabora na mtoto asiyemjua, na hakumbuki vita hivi vilianzaje, akatupa chake. Wa tatu akasema yeye hasemi kitu, akatupa. Hapo wakaja mfululizo, kila mmoja na neno lake, mwingine tusi la utani, mwingine kilio hasa, na viberiti vikamwagika juu ya Kondo kama mchele juu ya bwana harusi. Wanakijiji waliokuwa wamesimama mbali wakasogea. Hata Tamimu, aliyekuja kujifanya mchukuzi ili apeleleze, alisogea mdomo wazi. Mama mmoja akasema waziwazi kwamba naye amechoka, na hakusema amechoshwa na nani.

Shaushi akakimbia kumwamsha Bwana Miwani. Kufika kwake, Kondo alikuwa ametoka, Abbasi ameshushwa na viberiti vyote ubavuni, na udongo wa mwisho unapigwa kwa jembe. Bwana Miwani akauliza ni nini hiki. Akida akasema ni desturi, bwana. Mzungu akauliza ni desturi au ni uasi. Akida akasema vyote, bwana; kisha akasema hapana, desturi; kisha akasema labda shaushi anajua. Shaushi naye alikuwa Mnyamwezi. Akasema askari wamelipa deni la msiba.

Bwana Miwani akaamuru kaburi lifukuliwe. Wanyamwezi wakasema hawawezi kumgusa maiti wao, kazi hiyo ni ya watani. Wandengereko wakasema wao wamekwisha zika, na cha mtani hakirudi. Mzungu akatazama bunduki zilivyo nyingi na zilivyo mikononi mwa nani, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Hakuna aliyekuwa amekataa amri. Hakuna hata aliyepiga kelele. Alikuwa na msiba mbele yake na watu wanaofuta machozi, na hajui amshike nani kwa kosa gani.

Akaona tarbushi kichwani mwa Kondo. Hapo roho yake ikatulia, maana hilo lilikuwa limeandikwa. Raia hana ruhusa ya kuvaa vazi la serikali. Hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na apige Sadala.

Kondo alilazwa kifudifudi. Sadala akapiga, shaushi akahesabu. Na hapa pana jambo ambalo Kondo hakulijua mpaka anaingia kaburini kwake mwenyewe: kama Sadala alipiga kwa nguvu zote au kwa nusu. Siku nyingine alisema yule mtu alikuwa akizuia mkono. Siku nyingine alipandisha shati na kuuliza, ikiwa huku ni kuzuia, kuachia kungekuwaje?

Asubuhi iliyofuata kikosi kilivuka. Mtumbwi wa Kondo, uliotwaliwa na akida, ulikuwa wa pili kutoka mbele. Mwenyewe alipandishwa juu ya dungu lake kama gunia, akalala kwa tumbo, uso kusini. Mwamini akashika teo akawa ndiye anayefukuza ndege. Moshi ulionekana. Lakini ulionekana kila upande, hapa mwembamba, pale mnene, na wa Mbwara utautenganishaje na wa jirani zake? Kondo alihesabu, akachanganya, akaanza upya. Alijituliza kwamba viberiti viko kwa Abbasi. Alilisema hilo kwa sauti, mara ya tatu au ya nne, Mwamini akashusha teo.

“Baba Mwanahalima,” alisema, “moto upo kila jiko. Umezika viberiti. Mafiga utayazika lini?”

Kondo hakuwa amelifikiria hilo. Mwerevu wa bonde zima! Alilala akiwaza mafiga yote ya Mbwara, kila nyumba na kaa lake chini ya majivu, likingoja tu mtu wa kulipuliza. Bwana Miwani mwenyewe alivuta kiko. Na kiko hakijiwashi. Alihisi amepigwa viboko kwa ajili ya mchezo wa watoto. Mwamini alimpaka mafuta ya nazi mgongoni wala hakumtania, na hilo lilimtisha kuliko kitu chochote.

Siku ya kumi na moja Mwanahalima akaja. Alikuja na mumewe na mama mkwe, kichwani kajitwika kapu la mbegu za mpunga, na Kondo akashuka dunguni kwa miguu yake bila kukumbuka kwamba hawezi. Alimshika binti kichwa, mabega, mikono, kama mnunuzi. Kisha akauliza.

Mwanahalima akasimulia. Walisikia askari wanakuja, wakakimbilia msituni. Bwana Miwani, walivyosikia baadaye, hakufika, homa ilimrudia akabaki njiani na nusu ya kikosi. Waliofika, kwa waliochungulia kwa mbali, walikuwa shaushi, yule mwenye sugu mabegani, na wengine. Walikaa kutwa. Kuku wote wameliwa, mbuzi wameondoka. Lakini watu waliporudi walikuta nyumba zimesimama, na ghala zimesimama. Na ndani ya kila nyumba, jiko limemwagiwa maji. Majivu yalikuwa uji. Hapakuwa na kaa moja zima Mbwara nzima, walilazimika kwenda kuomba moto kijiji cha nne.

“Nani aliyamwaga?” aliuliza Kondo.

Mwanahalima hakujua. Mama mkwe alisema huenda ni wenyeji wenyewe, maana mtu akikimbia huzima jiko asiunguze nyumba. Lakini yeye hakuzima lake, alikimbia na sufuria. Mumewe alisema askari. Asubuhi yake Tamimu akaja na watu sita, nyuso zinang'aa, akitangaza kwamba sasa kila mtu ameona: yale maji yamefanya kazi! Kondo akamwambia yamefanya kazi kwenye mafiga, aende akamwambie Khamisi. Lakini aliposema hivyo hakuwa na nguvu ya zamani. Usiku mzima uliopita alikuwa amejiuliza swali lilelile: nani aliyamwaga?

Vita havikuisha kwa sababu ya Kondo, asije mtu akawadanganya. Vijiji vingine viliungua, na baada ya moto ikaja njaa, watu wakala mizizi ya porini na ngozi za kulalia. Kikosi kiliporudi kivukoni, Kondo alimvizia Sadala akamwuliza, kwa upole, bila utani. Sadala akamtazama, akasema: “Mtani, nchi yenu imelowa mno. Hakuna kinachowaka.” Akapanda mtumbwini. Je, hilo ni jibu?

Miaka ikapita, Mjerumani akaondoka, akaja Mwingereza. Sadala, jeshi lilipomtema, hakurudi Unyamwezi; alioa Kibiti akalima mihogo. Yeye na Kondo walitukanana kila siku ya gulio mpaka wakaota mvi, na kila gulio Kondo aliuliza habari ya maji, na kila gulio alipewa jibu jingine. Mara ni shaushi. Mara ni mvua. Mara alimwuliza kwani Mbwara ni wapi.

Kondo alipokufa, Sadala alitembea na fimbo mpaka Mahege kufanya kazi yake. Alivaa kofia ya marehemu, akaiga ulimi wake, akashushwa kaburini na vijana wawili kwa kuwa hakuweza kuruka, akajilaza. Akadai alipwe. Mwanahalima, mwanamke mzima sasa, alikuwa amejitayarisha. Aliwapa wanaume kiberiti kipya wakampelekee, pamoja na ujumbe kwamba hiki ndicho, na sasa mtani aseme, pale pale alipolala mahali pa baba yake: nani alizima majiko ya Mbwara?

Mzee akakipokea, akakitikisa sikioni kusikia kama kimejaa.

“Ni siye askari,” alisema.

Wakamtoa, wakamfuta udongo, Kondo akashushwa. Na jioni, watu wakila ubwabwa wa msiba, yule mzee akawasha tumbaku yake kwa kiberiti kilekile, akamwita Mwanahalima karibu, akamwambia asiyatie moyoni maneno ya kaburini. Mle ndani, alisema, palikuwa na baridi. Angesema lolote ili atolewe.